Kupasuliwa tumbo ili kupunguza uzito: nani atakutunza ukisharudi?

USALAMA NA AFYA: UKURASA WA MFANYAKAZI NA JAMAA YAKE



Siku hizi maulizo yanayoletwa katika dispanseri yamegeuka. Watu wangali wanakuja kwa ajili ya malaria, minyoo, kikohozi cha vumbi na vidole vilivyobanwa na jiwe. Lakini kuna ulizo jingine ambalo zamani halikusikika: «Munganga, ni kweli kwamba mtu akikatwa tumbo anaweza kupungua kilo 40? Wanafanya wapi? Ni pesa ngapi?» Wengine wanakuja na telefoni mkononi. Wanaonyesha foto mbili za mtu mmoja, ya kwanza mnene, ya pili mwembamba, na chini yake kuna namba ya kupiga na jina la mji wa mbali.

Ulizo hilo si la kuchekwa. Kati yetu wako watu wenye kilo 110 au 120. Magoti yanawauma, wakipanda ngazi pumzi inakatika, tansio iko juu, na wengine wana ugonjwa wa sukari. Wako wanaofikiri kuuza ng'ombe, au kungoja zamu yao ya likelemba, ili wapate pesa ya safari. Kwa kuwa mali ya jamaa na uhai wa mtu viko ndani ya jambo hili, mwezi huu tulizungumze polepole.

Shika neno moja tangu mwanzo. Mchimbaji mwenye akili haingii shimoni kabla ya kujua atatokea wapi. Operesheni ya tumbo inafanyika kwa saa moja au mbili, lakini kuishi na tumbo lililokatwa ni kwa maisha yote. Watu wengi wanauliza: «Nani atanipasua?» Wachache wanauliza: «Nani atanitunza nikisharudi Bogoro?» Ulizo hili la pili ndilo kubwa.

UNENE NI BARAKA AU NI UGONJWA?

Kwetu unene umekuwa na heshima. Mtu mnene husemwa kwamba amekula vizuri na mshahara unafika nyumbani. Bibi akinenepa, watu wanamsifu mume wake. Mtu akikonda, majirani wananong'ona: ana ukimwi, ana kifua kikuu, ana njaa. Ndiyo maana katika nchi yetu wako wanawake wanaomeza vidonge vya kunenepesha, hasa deksametazoni na siproheptadini, vinavyouzwa sokoni kama pipi. Ndugu zangu, deksametazoni ni dawa kali. Inapandisha sukari na tansio, inalegeza mifupa, na mtu aliyeizoea akiiacha kwa ghafula anaweza kuanguka na kufa. Ukiwa unaimeza, usiiache peke yako: njoo dispanseri tukupunguzie kidogo kidogo. Ukipangiwa operesheni yoyote, mwambie munganga bila kuficha.

Lakini unene ukipita kiasi, heshima inageuka kuwa mzigo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 zaidi ya watu bilioni 1 duniani walikuwa na unene wa ugonjwa. Si mambo ya Wazungu peke yao tena.

Utajuaje kama umepita kiasi? Kuna hesabu rahisi. Chukua uzito wako kwa kilo. Ugawe kwa urefu wako wa mita, kisha gawa tena kwa urefu uleule. Tuseme papa mmoja ana mita 1.70 na kilo 85. Hesabu yake inatoa karibu 29. Huyu ana uzito wa kuzidi, lakini si mtu wa kupasuliwa. Tuseme mama mmoja ana mita 1.65 na kilo 110. Hesabu yake inatoa karibu 40. Huyu ana unene mkubwa, na ni haki yake kuuliza juu ya operesheni.

Tangu mwaka 1991 waganga wengi walifuata kanuni iliyotolewa Marekani: operesheni ni ya mtu mwenye 40 na zaidi, au 35 na zaidi ikiwa ana ugonjwa unaoletwa na unene, kama sukari au tansio. Mwaka 2022 vyama vya waganga wa kazi hii vilishusha kipimo: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa wa sukari. Aliye chini ya hapo na anataka tu kiuno kidogo kwa ajili ya arusi, hii si dawa yake. Komisioneri akikuambia kwamba kila mtu anafaa, ujue anauza bidhaa.

Tena usimtukane mtu mnene kwamba ni mvivu au mlafi. Mtu akifika kilo 120, mwili wake mwenyewe unapigania kubaki hapo. Akipunguza chakula, njaa inaongezeka na mwili unatumia nguvu kidogo zaidi. Kwa sababu hiyo wengi wanapungua kilo 10 kisha zinarudi.

WANAFANYA NINI NDANI YA TUMBO?

Tumbo la chakula ni kama mfuko. Kwa mtu mzima linaweza kupokea lita 1 au zaidi. Njia zinazotajwa sana ni tatu.

Ya kwanza inaitwa slivu. Munganga anakata karibu robo tatu za mfuko au zaidi na kuzitoa kabisa. Kinachobaki ni mrija mwembamba kama ndizi. Kilichotolewa hakirudi.

Ya pili ni baipasi. Munganga anatenga kifuko kidogo sana juu ya tumbo, cha kadiri ya yai dogo, na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi. Chakula kinapita njia ya mkato, hakipiti tena katika tumbo kubwa wala katika mwanzo wa utumbo. Njia hii ilianzishwa na munganga Edward Mason katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Si jambo la kubahatisha tena, ina miaka mingi ya kujaribiwa.

Ya tatu si kupasua. Ni puto. Linaingizwa kwa kinywa, linajazwa maji ndani ya tumbo, na mtu anashiba upesi. Baada ya miezi 6 hadi 12, kwa kufuata aina yake, linatolewa. Katika Tanzania, hospitali ya taifa ya Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kuweka maputo hayo mwaka 2022. Puto ni jepesi kuliko kisu, lakini likitolewa uzito unarudi kwa wengi ambao hawakubadili namna ya kula.

Usichanganye hayo na kunyonywa mafuta chini ya ngozi. Hiyo ni kazi ya urembo. Haiponyi sukari wala tansio. Nayo ina hatari: mwezi wa kumi mwaka 2024, mwanamke mmoja alikufa Nairobi baada ya kutolewa mafuta katika kliniki ya urembo, na baraza linalosimamia waganga wa Kenya likafunga kliniki hiyo.

FAIDA IPO

Tuseme ukweli wote. Kwa mtu anayefaa, aliyepasuliwa na fundi mzuri na kutunzwa vizuri, operesheni hii inasaidia. Katika mwaka wa kwanza au wa pili, wengi wanapoteza karibu robo ya uzito wao kwa slivu, na zaidi kidogo kwa baipasi. Yule mama wa kilo 110 anaweza kufika kilo 80 na kitu. Hatakuwa mwembamba kama msichana wa foto, lakini magoti yatapumzika. Kwa wengi wenye ugonjwa wa sukari, sukari inashuka, na wengine wanaacha dawa kwa miaka.

Katika Uswidi, tangu mwaka 1987, waganga waliwafuata watu wapatao 2,000 waliopasuliwa na wengine wapatao 2,000 wanene kama wao ambao hawakupasuliwa. Baada ya miaka mingi, waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao. Lakini angalia: hao ni watu wa Uswidi. Waliishi karibu na hospitali, wakapimwa na kufuatwa miaka na miaka. Faida ile ilitoka kwa kisu pamoja na utunzaji. Komisioneri anakuuzia kisu peke yake.

HATARI ZAKE

Katika hospitali zenye mazoea, wanaokufa katika mwezi wa kwanza ni wachache, kama 1 kati ya 1,000 au zaidi kidogo. Hatari inayoogopwa sana ni kuvuja. Pale tumbo lilipokatwa na kushonwa, mshono unaweza kufunguka, na uchafu ukamwagika ndani. Inaweza kutokea siku ya pili, na inaweza kutokea wiki ya pili au ya tatu, wakati mgonjwa amekwisha panda ndege na kurudi nyumbani.

Hapa ndipo sisi watu wa Ituri tuna hatari yetu ya pekee. Aliyepasuliwa akipata homa hapa Bogoro, kila mtu atasema: malaria. Atapewa dawa ya malaria, atalala, na kesho kutwa tumbo limejaa usaha. Basi sikia vizuri: homa katika wiki za kwanza baada ya operesheni ya tumbo si malaria peke yake mpaka munganga amehakikisha. Hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha ndiyo, tumbo lazima lipimwe vilevile, kwa maana mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Hatari nyingine ni damu kuganda katika mguu na kupanda mpaka kwenye mapafu, hasa kwa mtu aliyekaa saa nyingi katika ndege. Nyingine ni vijiwe vya nyongo, vinavyokuja kwa kupungua upesi. Kwa baipasi, utumbo unaweza kujisokota ndani hata baada ya mwaka mmoja au mitano: maumivu makali ya tumbo yanayokuja kwa mawimbi, pamoja na kutapika. Huyo ni wa kupasuliwa siku hiyohiyo.

Kisha kuna upungufu wa vitamini. Tumbo dogo halipokei vya kutosha, na baipasi inaruka mahali ambapo madini ya chuma na kalsiamu huingia mwilini. Kwa hiyo aliyepasuliwa anameza vitamini, chuma na kalsiamu kila siku mpaka kufa kwake, na vitamini B12 kwa kidonge au sindano. Damu yake inapimwa kila mwaka, na mara nyingi zaidi katika mwaka wa kwanza. Sisi tunaoishi na malaria na minyoo tayari tuna damu kidogo. Mtu wa kwetu akiacha vidonge vyake, atapungukiwa damu upesi kuliko mtu wa Uswidi.

Na jambo hili wauguzi wenzangu walishike: aliyepasuliwa akitapika siku nyingi, vitamini B1 inakwisha mwilini. Ukimtundikia seramu ya sukari bila kumpa kwanza vitamini B1, ubongo wake unaweza kuharibika. B1 kwanza, sukari baadaye.

KAZI YA MGODI NA TUMBO DOGO

Msomaji, wewe si mtu wa ofisi ya mjini. Fikiri kazi yako.

Kuinua vitu vizito kunakatazwa kwa wiki 4 hadi 6 au zaidi, kama munganga wako alivyoamuru. Nyundo, mashine ya kutoboa, magunia na nguzo za kushikilia shimo, vyote vingoje. Je, kiongozi wako amekubali? Umeandikiwa mapumziko?

Maji. Shimoni kuna joto, nawe umezoea kunywa nusu lita kwa mara moja. Mwenye tumbo dogo hawezi. Anakunywa kidogo kidogo mchana kutwa, wala si pamoja na chakula. Asipoangalia atakauka maji na figo zitaumia.

Sukari. Baada ya baipasi hasa, mtu akinywa Fanta au akila kitu kitamu sana, anaweza kutoka jasho, moyo ukamwenda mbio, akaona kizunguzungu. Wengine wanapata hali hiyo saa 1 hadi 3 baada ya kula, kwa sababu sukari ya damu imeshuka mno. Kwa mtu aliyeketi nyumbani ni taabu. Kwa dereva wa gari kubwa au mtu aliye juu ya ngazi ni ajali, tena inaweza kuua wengine.

Dawa za mgongo. Wengi wetu tunameza diklofenaki au ibuprofeni kila mgongo unapouma. Baada ya baipasi dawa hizo zinakatazwa, maana zinatoboa tumbo, na baada ya slivu munganga wengi wanazizuia vilevile. Parasetamoli inaruhusiwa. Tumbako pia inaleta vidonda. Lazima iachwe kabla ya kisu na isirudi.

Pombe. Chupa moja ya Primus inamlevya aliyepasuliwa upesi na kwa nguvu kuliko zamani. Lotoko ndiyo usiseme. Wako waliopona unene wakaingia katika ulevi.

NENO KWA MAMA

Mama, baada ya kupasuliwa unaweza kupata mimba kwa urahisi kuliko mbeleni, maana unene ulikuwa ukizuia. Lakini mimba ingoje miezi 12 hadi 18, mtoto asikose chakula tumboni. Baada ya baipasi usitegemee vidonge vya kupanga uzazi, kwa kuwa huenda visiingie vizuri mwilini. Uliza juu ya kijiti cha mkononi, sindano au kitanzi.

Chakula nacho kitabadilika. Wiki za kwanza ni vitu vya majimaji tu, halafu vya kupondwa, halafu vilaini. Chakula cha kawaida kinarudi baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili, kwa vijiko vichache. Huwezi tena kuketi mbele ya bugali wa familia na kula kama wengine. Unaanza na kitu cha kujenga mwili: yai, samaki wa ziwani kutoka Kasenyi au Tchomia, maharagwe yaliyopondwa, maziwa. Bugali unakuja mwisho, ukipata nafasi. Je, katika nyumba yenye watoto 7 utaweza kujipikia peke yako? Mume na mama mkwe wameelewa? Wageni watakapokulazimisha kula kwa heshima, utasema nini? Na utakapokonda upesi, maneno ya majirani utayabeba? Zungumzeni kabla ya safari.

NCHI ZA NJE

Mtu wa Bogoro anayetafuta operesheni hii anatazama mbali: Nairobi, India, Uturuki, Afrika Kusini. Katika nchi hizo zote wako waganga wazuri sana. Wako na wafanyabiashara. Bei ndogo peke yake haikuonyeshi nani ni nani.

Usifikiri kwamba wanaodanganyika ni maskini peke yao. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliwaonya raia wake, maana baadhi ya waliokwenda kupasuliwa katika mji wa Tijuana, Mexico, wengi wao kwa ajili ya uzito, walirudi na kidudu ambacho karibu dawa zote hazikiui. Mwaka 2023 redio ya BBC ilieleza kwamba Waingereza 7 walikuwa wamekufa baada ya kupasuliwa kwa ajili ya uzito katika Uturuki tangu mwaka 2019. Mwaka huohuo, watu zaidi ya 60 wa Ulaya walipata ugonjwa wa kulegea viungo baada ya kudungwa sindano ya kupunguza uzito ndani ya tumbo, wengi wao Istanbul. Waliorudi nyumbani kati yao walikuta hospitali kubwa. Wewe ukirudi utakuta nini?

Piga hesabu ya njia. Kutoka Bogoro mpaka Bunia ni kilomita kama 25. Mvua ikinyesha, au barabara ikifungwa kwa sababu ya usalama, kilomita 25 zinakuwa nyingi. Kisha uliza: Bunia au Nyankunde, ni munganga gani wa kupasua atakayekubali kukupokea usiku na tumbo lililokatwa na mtu mwingine, mbali, bila karatasi?

Piga na hesabu ya pesa. Bei ya komisioneri ni ya operesheni peke yake. Ongeza pasipoti, viza, kadi ya homa ya manjano, tiketi yako na ya mtu wa kukusindikiza, malazi ya siku zisizopungua 10 baada ya kisu, vipimo, miezi usiyofanya kazi, vitamini za miaka yote, na akiba ya kurudi hospitali mambo yakiharibika. Kama baada ya kulipa operesheni huna akiba hiyo, basi hujapata pesa ya operesheni bado. Usitoe pesa ya masomo ya watoto kwa jambo ambalo nusu yake haijalipwa.

MAULIZO 10 YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FRANKA MOJA

1. Hesabu yangu ya uzito na urefu ni ngapi, na nina ugonjwa gani unaoletwa na unene?
2. Ni slivu au baipasi, na kwa nini hiyo kwangu?
3. Munganga atakayenipasua ni nani, ameandikishwa wapi, na amefanya operesheni hii mara ngapi?
4. Nitaongea naye mwenyewe kabla ya kulipa, au na komisioneri tu?
5. Nitapimwa moyo, sukari, damu na tumbo kwa kamera kabla ya kisu, au nitapasuliwa siku ya kufika?
6. Hospitali ina chumba cha wagonjwa mahututi ndani yake?
7. Mambo yakiharibika, nani analipa?
8. Nitapewa ripoti ya operesheni kwa Kifaransa, pamoja na majina ya dawa?
9. Munganga gani wa Bunia amekubali kunifuata, na ameongea na yule wa nje?
10. Vitamini nitanunua wapi kila mwezi, na kwa pesa gani?

Ukikosa jibu la ulizo la 9 na la 10, usisafiri. Ngoja mpaka upate jibu.

JE, HAKUNA NJIA NYINGINE?

Ziko dawa mpya za sindano, kama semaglutidi na tirzepatidi, zinazopunguza njaa na uzito. Mwezi wa tisa mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizitia katika orodha ya dawa za lazima kwa wenye ugonjwa wa sukari walio pia na unene na ugonjwa wa moyo au wa figo. Lakini bei yake ni kubwa, zinataka baridi ya frigo kabla ya kutumiwa, na mtu akiziacha uzito hurudi. Tena mwezi wa sita mwaka 2024 Shirika hilohilo lilionya juu ya semaglutidi ya bandia iliyokutwa katika nchi mbalimbali. Usinunue sindano sokoni wala kwa mtu wa telefoni.

Na ile njia ya zamani haijafa. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kati yao ugonjwa huo ulipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa mama wa kilo 110, asilimia 7 ni kama kilo 8. Hazionekani katika foto, lakini mwili unazijua. Anza hapa: acha vinywaji vya sukari, pima mafuta ya mawese kwa kijiko badala ya kumwaga kwa macho, punguza bugali na uongeze sombe, lengalenga na maharagwe, acha mikate ya mafuta ya asubuhi, lala usingizi wa kutosha. Hata yule atakayepasuliwa atahitaji mazoea haya. Asiyeweza kuyashika miezi 6 kabla ya kisu atayashikaje miaka 30 baada yake?

UKISHAPASULIWA, USINGOJE

Njoo mara moja, mchana au usiku, ukiona moja ya mambo haya: moyo unakwenda mbio nawe umetulia, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, au maumivu ya bega la kushoto, pumzi fupi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kutapika hata maji, choo cheusi kama lami, kuona vitu viwili au kuyumba unapotembea. Sema neno hili kwanza, kabla ya neno jingine: «Mimi nimekatwa tumbo.» Liandike pia katika kadi pamoja na tarehe na aina ya operesheni, uiweke mfukoni pamoja na kadi yako ya kazi, ili hata ukizimia watu wasome.

Ndugu mfanyakazi, hatukukatazi. Kama hesabu yako iko juu, kama sukari na tansio vinakula maisha yako, operesheni inaweza kuwa njia yako ya kupona, nasi tutakusaidia kuandika karatasi na kumtafuta munganga wa kukufuata. Unayetaka kupimwa, njoo dispanseri asubuhi pamoja na bibi yako au mume wako. Mizani ipo, kipimo cha urefu kipo, cha tansio kipo, na kupimwa ni bure. Leta na yale maulizo 10, tuyajibu pamoja moja moja.

Kuuliza si ujinga. Jua kwanza njia ya kutokea, ndipo uingie.